Samani za nyumba kongwe za mjini na alama ya Ukambani

MGENI anayepanda ngazi nyembamba za nyumba kongwe ya ghorofa mjini Lamu, au katika Mji wa Kale wa Mombasa, aghalabu hushangazwa na mambo mawili. La kwanza ni ubaridi wa chumba, ilhali nje jua lawaka. La pili ni kwamba takriban kila kilichomo kina umri wa bibi na mabibi wa mwenye nyumba, na bado hakuna kinachoonekana kuwa kimepitwa na wakati.

Kuta ni nyeupe. Dari ni ya boriti nyeusi zilizopangwa kwa usawa, baadhi yake zikiwa zimetiwa rangi nyekundu. Kando kuna kitanda kirefu cha miguu iliyokerezwa, kasha lenye misumari ya shaba, kioo kilichofifia pembeni, na viti viwili vya mpingo vilivyonyooka migongo kana kwamba vinamsubiri mtu mkubwa. Hakuna kinachopiga kelele, na hakuna kilichowekwa ili kujaza nafasi tu.

Wapenzi wa mapambo ya nyumba wameusifu mtindo huu kwa miongo mingi, na hoteli nyingi za pwani zimeuiga, nyingine kwa ufanisi na nyingine kwa kubandika tu. Lisilotajwa mara kwa mara ni kwamba sehemu ya fahari hiyo ina nyayo zinazoelekea bara, kupitia nyika ya Taru hadi vilima vya Ukambani, kwenye nchi ya Kitui na ile ya Makueni ambako leo kuna masoko kama Mukuyuni, jina litokanalo na mti wa mkuyu.

Nyumba yenyewe

Ili kuelewa samani ni sharti kwanza kuelewa nyumba. Nyumba za mawe za Lamu, ambazo nyingi kati ya zile zinazosifiwa sana zilijengwa katika karne ya 18, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe yenyewe juu ya tanuri la magogo hadi yakawa unga. Dari na sakafu za juu hubebwa na boriti za mikoko.

Boriti ndizo zilizoamua umbo la vyumba. Kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani kwa urefu wowote ule autakao fundi, upana wa chumba haukuweza kuzidi kiasi cha mita tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, na hufuatana kimoja nyuma ya kingine kuanzia uani hadi mwisho wa nyumba.

Mjenzi wa leo angeliona hilo kuwa dosari. Wajenzi wa Lamu waliligeuza kuwa pambo. Sakafu ya kila chumba waliiinua kwa kipandio kimoja juu ya ile ya chumba kilichotangulia, ili mtu aliyesimama uani atazame nyumba nzima ikipanda mbele yake, kutoka msana wa kwanza hadi msana wa pili, kisha hadi ndani, chumba cha siri cha mwenye nyumba na familia yake. Mwanga huingia kupitia uani tu, na kadiri mtu anavyozidi kuingia ndivyo unavyozidi kupungua. Kuta nyeupe na lipu iliyong'arishwa huchukua mwanga huo mdogo na kuupeleka mbali kuliko mtu atarajiavyo.

Fanicha nyingi katika nyumba kama hiyo zingeizuia njia. Kwa hivyo watu wa Lamu waliipamba kuta badala ya sakafu.

Vidaka na sahani

Pambo kuu la ukuta ni vidaka, ambavyo wenyeji wa Lamu huviita zidaka. Hivi ni vishubaka vidogo vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, vikapangwa safu juu ya safu hadi karibu na dari, kila kimoja kikiwa na tao lake na nakshi zake. Fundi alilazimika kuichonga chokaa kabla haijakauka kabisa. Ukuta mkubwa wa vidaka huwa katika chumba cha ndani, mahali ambapo mgeni wa kawaida hakufika kamwe. Hilo lafaa kutiliwa maanani, kwa kuwa nyumba nyingi za kifahari duniani huweka uzuri wake mbele ya wageni.

Ndani ya vidaka viliwekwa vyombo vya kauri, hususan sahani na mabakuli ya Kichina yenye rangi ya samawati na nyeupe. Biashara hiyo ya kauri ni ya kale mno. Vipande vyake vimefukuliwa kwa wingi katika magofu ya Gedi, na sahani nzima zilipachikwa katika nguzo za makaburi na katika misikiti ya mwambao. Baadaye, katika karne ya 19, zilikuja sahani za Ulaya, zikiwemo zile za mji wa Maastricht nchini Uholanzi, ambazo zilipakwa maua ya rangi kali kwa kulenga masoko ya mbali.

Baadhi ya watafiti waliofanya kazi Lamu wameeleza kwamba vidaka na kauri havikuwa urembo mtupu. Chumba cha ndani ndimo mama alimojifungulia na ndimo maiti ilimooshwa, na ukuta uliojaa nakshi ulidhaniwa kukinga nyumba dhidi ya kijicho na mambo mabaya. Hivyo sahani iliyoning'inia ukutani ilikuwa mlinzi kwa namna yake.

Unguja nako mambo yalifanana, ingawa kwa utajiri zaidi. Bintimfalme Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alivieleza vyumba vya utotoni mwake katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka wa 1886. Anataja kuta nyeupe zilizogawanywa kwa vishubaka vyenye rafu, vikiwa vimesheheni bilauri na vyombo vya kauri, na katikati yake vioo virefu kutoka Ulaya na saa za ukutani. Kitu cha Uchina, kitu cha Ulaya na kazi ya fundi wa Unguja viliishi pamoja bila kugombana. Pengine hiyo ndiyo siri ya nyumba hizi: hazikuwahi kujaribu kuwa za nchi moja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wafalme hawakupenda vya kisasa. Miongoni mwa samani za masultani wa mwisho zilizohifadhiwa katika kasri la Unguja yamo makabati ya fomaika ya miaka ya 1950, na Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka wa 1883, ilikuja kutiwa taa za umeme na lifti. Vya fomaika huchekesha leo. Kiti cha mpingo hakichekeshi mtu.

Kiti cha enzi na kigoda cha mzee

Kiti hicho ndicho kiitwacho kiti cha enzi. Ni kiti kikubwa cha mbao nyeusi, mgongo wake umenyooka na kuinuka juu, mikono yake ni mipana, na mbele kina pahali pa kuwekea miguu. Kalio na mgongo husukwa kwa kamba nyembamba zilizokazwa, ili hewa ipite. Juu ya mbao hupachikwa vipande vidogo vya mfupa na pembe za ndovu, vilivyokatwa kwa maumbo ya mraba, ya nyota na ya maua.

Wataalamu wamebishana kuhusu asili yake. Wako waliokihusisha na Misri ya Wamamluki, wako waliokihusisha na Wareno na Wahindi. James de Vere Allen, mtunzaji wa kwanza wa makumbusho ya Lamu, alikiandikia utafiti maalum. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba mafundi wa visiwa vya Lamu, Pate na miji jirani walikifanya kuwa chao. Aliyekikalia alikuwa mwenye mji, mgeni wa heshima, au bwana harusi siku yake ya fahari.

Pembe za ndovu zilitoka bara, na hapa ndipo Ukambani inapoingia katika habari hii. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, Wakamba ndio waliotawala biashara ya misafara kati ya bara na Mombasa. Walileta pembe, na kurudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Mfanyabiashara wao mashuhuri alikuwa Kivoi wa Kitui. Mmishonari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, alimtembelea Kivoi mwaka wa 1849, na ni akiwa Kitui, Desemba 3 mwaka huo, alipouona Mlima Kenya. Alirudi mwaka wa 1851, na katika safari yao kuelekea mto Tana msafara ulishambuliwa na Kivoi akauawa. Baada ya hapo, misafara ya watu wa pwani ilizidi kuingia bara yenyewe na nguvu za wafanyabiashara wa Ukambani zikafifia.

Sehemu kubwa ya pembe zilizofika mwambao zilipakiwa majahazini kwenda India na kwingineko. Lakini bandari iliyopitisha pembe kwa maelfu haikukosa kubakiza vipande vya kupamba viti vyake.

Na zile nyaya za shaba zilizopanda bara zilifanywa nini? Hapo ndipo habari inapokuwa tamu. Wakamba walikuwa mafundi hodari wa waya. Walizivuta na kuzisokota zikawa mikufu myembamba iliyosifiwa hata na majirani. Na waya huo huo waliupachika katika vigoda.

Kigoda cha Kikamba, kivila kwa lugha yao, huchongwa kutoka gogo moja. Kalio lake ni la mviringo na limebonyea kidogo katikati, na miguu yake kwa kawaida ni mitatu. Juu ya kalio fundi huchimba mifereji myembamba, kisha huugongea waya ndani yake hadi ukawa sawa na mti, ukichora mizunguko na mistari inayong'aa. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi aliyeishi miongoni mwa Wakamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ambaye kitabu chake kikubwa juu yao kilitoka mwaka wa 1920, aliandika kwa kirefu kuhusu ufundi wa watu hawa. Mzee alikwenda kwenye nzama, baraza la wazee, na kigoda chake mwenyewe. Hakikuwa kiti cha kila mtu.

Basi biashara ile ile moja ilizaa viti viwili. Pembe ilishuka pwani ikapachikwa katika mpingo wa kiti cha enzi. Shaba ikapanda Ukambani ikapachikwa katika kigoda cha mzee. Vyote viwili vilikuwa viti vya heshima, vyote viwili vilikaliwa na wachache, na vyote viwili vilipambwa kwa kile kilichotoka mbali. Anayeviweka pamoja katika sebule moja leo, kama wafanyavyo wapambaji wengi wa Nairobi, huenda hajui kwamba anavikutanisha ndugu.

Vitanda na makasha

Kuhusu vitanda si lazima kusema mengi. Kile cha kienyeji kilisukwa kwa kamba za mnazi au ukindu. Kile cha fahari, samadari, kilifuata mitindo ya India, kikiwa na miguu mirefu iliyokerezwa na kupakwa rangi kwa duara nyekundu, nyeusi na manjano. Kilikuwa kirefu kiasi kwamba mtu alihitaji kigoda cha kupandia. Chini yake palibaki nafasi ya kuhifadhia vitu, na katika chumba chembamba nafasi ni mali.

Makasha nayo yalikuja kwa majahazi kutoka India na nchi za Ghuba. Lililo bora ni la msaji, limetandazwa vipande na misumari ya shaba kwa nakshi, na chini lina droo tatu. Baadhi yalikuwa na droo za siri. Ndani mlikaa nguo za harusi, udi, hati za nyumba na dhahabu ya mwanamke. Wakaguzi wa vitu vya kale huwaonya wanunuzi kwamba makasha mengi yauzwayo madukani ni mapya, yaliyozeeshwa kwa makusudi.

Mkono wa fundi wa bara

Uhusiano wa Ukambani na nyumba za mjini haukukoma misafara ilipokoma. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mutisya Munge wa Wamunyu, ambako leo ni kaunti ya Machakos, alifika Tanganyika na huko akajifunza uchongaji wa vinyago kutoka kwa mafundi wa Kizaramo. Aliporudi nyumbani, ufundi huo ulienea kwa kasi ya ajabu miongoni mwa watu waliokuwa tayari mahodari wa kuchonga vigoda, miko, mizinga na vichupa vya tumbaku.

Baada ya miaka michache Wakamba walikuwa wakiuza kazi zao Nairobi na Mombasa. Mwaka wa 1963 wachongaji wa Mombasa walianzisha chama cha ushirika cha Akamba, ambacho makao yake huko Changamwe yamekuwa mojawapo ya vituo vikubwa vya uchongaji katika Afrika Mashariki. Wachongaji wa Gikomba jijini Nairobi na wa Wamunyu nao wana vyama vyao.

Kuna wanaozidharau kazi hizi kwa kuwa ni za watalii. Dharau hiyo ina ukweli kwa kiasi. Twiga wa elfu moja wanaofanana hawawezi wote kuwa sanaa. Lakini bakuli la mti lililochongwa vizuri, au kigoda kilichofuata umbo la zamani, ni kitu kingine kabisa, na nyumba yenye kimoja tu kati ya hivyo haina haja ya twiga.

Kiondo kina hadithi yake. Wanawake wa Ukambani, pamoja na wa sehemu nyingine za nyanda za juu, wamekisuka tangu zamani, awali kwa nyuzi za magome kama yale ya mbuyu na baadaye kwa mkonge. Kilikuwa mfuko wa kubebea nafaka. Katika miaka ya 1970 na 1980 kikawa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo, kikashonewa mikanda ya ngozi, na hatimaye kikaingia ndani ya nyumba: mahali pa nguo chafu, pa kuwekea chungu cha maua, au juu ya ukuta. Jambo la kuvutia ni kwamba kiondo kilichotundikwa ukutani hufanya kazi ile ile iliyofanywa na sahani ya Kichina katika kidaka. Ni duara lenye rangi juu ya weupe.

Sebule ya Mukuyuni

Si haki kuisifu nyumba ya mjini tu na kuiacha ile ya mashambani kana kwamba haina mapambo. Katika vilima vya Makueni, pembezoni mwa Mukuyuni na kwingineko, nyumba nyingi leo ni za matofali ya kuchoma na mabati. Anayeingia sebuleni hukuta makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma kwa sindano, kimoja kila mkono na kimoja kila mgongo, vyeupe pe. Juu ya ukuta, karibu na dari, zimetundikwa picha za familia zikiwa zimeinamia mbele kidogo, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakuna aliye na moyo wa kuziondoa.

Na kando kuna kabati la vioo. Ndani yake zimepangwa sahani za maua, vikombe na bilauri ambazo hazitumiki ila mgeni mkubwa ajapo. Wapambaji wa mjini huvicheka vitambaa na kabati. Wangetulia kidogo wangeona kwamba kabati hilo ni kidaka cha Lamu kilichotengenezwa kwa mbao na kioo: mahali ambapo vyombo vya kutoka mbali huwekwa ili vitazamwe, visafishwe na kurithiwa. Tofauti ni kwamba la Mukuyuni limewekwa mbele ya mgeni, ilhali kile cha Lamu kilifichwa.

Yanayopotea

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka wa 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka wa 2001. Orodha hiyo hulinda mji, lakini si kila kilichomo ndani ya nyumba. Familia inapogawana urithi, ni rahisi kuuza kiti kuliko kuuza ukuta. Viti vya enzi vingi vimo katika makusanyo ya ng'ambo na katika nyumba za wageni walionunua na kukarabati majumba ya Lamu na Shela tangu miaka ya 1970. Ukarabati huo umeziokoa nyumba kadhaa zilizokuwa zikiporomoka. Vilevile umepandisha bei hadi kiwango ambacho kijana wa Lamu hawezi kununua nyumba ya babu yake.

Sheria ya Kenya ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 yakataza kuhamishwa kwa malikale bila idhini, na imeutaja mlango waziwazi: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka wa 1946 ni kitu kilicholindwa. Kiti hakikutajwa kwa namna hiyo.

Adui mwingine ni saruji. Ukuta wa matumbawe hupumua. Unyevu huingia na kutoka kupitia lipu ya chokaa. Ukipakwa saruji, unyevu hunaswa ndani, lipu hubambuka, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza pole pole bila mtu kuona. Mwenye nyumba hugundua siku dari inapoanza kulegea. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati, na wafanyakazi wawili wakafa. Jumba lililokuwa fahari ya mji mzima lilikuwa limedhoofika kwa miaka mingi.

Mti nao unapungua. Mpingo na muhugu, miti waliyoipenda wachongaji kwa ugumu na rangi yake, ilikatwa kupita kiasi katika misitu ya Kenya, na tangu miaka ya 1990 mashirika ya uhifadhi yamekuwa yakiwahimiza wachongaji kutumia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Mwarobaini unakubali nakshi na kung'aa vizuri, ingawa hupasuka ukichongwa kabla haujakauka. Wachongaji wazee huulalamikia uzito wake na rangi yake. Lakini Makueni ina miembe mingi, na mwembe uliozeeka usiozaa tena, ambao zamani uliishia kuwa kuni au makaa, sasa waweza kukatwa ukawa bakuli la mezani au kigoda cha miguu mitatu.

Kuhusu waya wa shaba, mafundi wachache wangali wanaupachika kwa njia ya kale, mfereji kwa mfereji, kwa nyundo ndogo. Anayetaka kuitambua kazi halisi apitishe kidole juu ya kalio. Waya uliogongewa vyema hauhisiwi. Mkono huteleza kutoka kwenye mti hadi kwenye shaba kana kwamba ni kitu kimoja.